Projekta na skrini kwa chumba kidogo cha nyumbani: Namba zipi za kuamini kabla ya kulipa?

Maboksi ya projekta za bei nafuu yanaahidi mwanga mkali na picha ya ukubwa wa ukuta mzima. Ukweli, hata hivyo, umo katika vipimo vya chumba chenyewe, katika waya wa umeme na katika hesabu chache ambazo mnunuzi anaweza kuzifanya kwa utepe wa fundi na simu ya mkononi. Haya ndiyo ya kuzingatia, tukichukua mfano wa chumba cha kawaida katika mtaa wa Kibuli, Kampala.

Mwezi Septemba 2023, Shirikisho la Kandanda Barani Afrika, CAF, lilizipa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa pamoja wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Wengi wa wakazi wa nchi hizi hawataingia uwanjani. Watatazama nyumbani, kwa jirani au kibandani. Ndiyo maana swali la projekta, ambalo zamani lilikuwa la shule, makanisa na ofisi, limekuwa pia swali la sebule na la chumba cha ziada nyuma ya nyumba.

Kutazama kwa pamoja si jambo geni Kampala. Kwa miaka mingi kibanda cha video, ambacho Waganda hukiita ekibanda, kimekuwa ndiyo sinema ya mtaa: mabenchi, televisheni au projekta, na sauti ya VJ anayeifasiri filamu kwa Kiganda huku akiongeza utani wake. Jina la VJ Jingo linajulikana hata kwa wasiokwenda vibandani. Kenya inamjua DJ Afro, na Tanzania ilikuwa na Lufufu, waliofanya kazi ya aina hiyo kwa Kiswahili. Katika mtaa kama Kibuli, wenye msikiti mkubwa juu ya kilima na chuo cha mafunzo ya polisi kando yake, ambako Kiswahili kimezoeleka kambini kwa vizazi kadhaa, mtu anayetaka filamu au mahubiri kwa lugha yake mara nyingi hulazimika kujiandalia mahali pa kutazamia.

Fedha inayotumika si ndogo. Projekta, skrini, spika na kinga ya umeme vikijumlishwa vinaweza kumeza akiba ya familia ya miezi mingi. Tena kosa la kuchagua vibaya halionekani dukani, chini ya taa na mbele ya muuzaji mwenye maneno matamu. Huonekana nyumbani, baada ya boksi kufunguliwa.

Je, ni projekta unayoihitaji?

Swali hili litangulie mengine yote. Projekta ina faida moja kubwa: kwa bei fulani, hutoa picha kubwa kuliko televisheni yoyote ya bei hiyo. Lakini ina udhaifu ambao hauondoki kwa fedha kidogo. Projekta haiwezi kurusha weusi. Hurusha mwanga tu. Pale filamu inapotaka giza, yenyewe huacha kurusha, na kinachobaki ni rangi ya skrini kama inavyoonekana chumbani wakati huo. Chumba kikiwa na mwanga, giza la filamu huwa kijivu, na nyuso za waigizaji hufifia.

Kwa hiyo, anayetaka kifaa cha taarifa ya habari ya mchana, katuni za watoto baada ya shule na mechi za alasiri katika sebule yenye madirisha mapana, atafaidika zaidi na televisheni ya inchi 50 au 55. Projekta ni ya mwenye chumba anachoweza kukitia giza, au anayetazama zaidi usiku.

Saa za kutazama zihesabiwe mapema. Kampala iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na jua huzama karibu saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni mwaka mzima, kwa tofauti ya robo saa hivi. Mechi ya Uingereza inayoanza saa tisa alasiri kwa saa za huko huanza saa kumi na mbili jioni hapa Uganda wakati wa majira yao ya baridi, na saa kumi na moja saa zao zinaposogezwa mbele. Ile ya mapema ya Jumamosi huangukia saa tisa na nusu alasiri, au saa nane na nusu. Mwenye kupenda mechi hizo ajue kwamba atakuwa akishindana na jua, hasa kama dirisha linaelekea magharibi.

Anza na utepe, si na duka

Chukua chumba cha futi 10 kwa 12, ukubwa ulio wa kawaida katika nyumba nyingi za mjini. Kwa mita ni 3.05 kwa 3.66. Picha ikirushwa kwenye ukuta mfupi, projekta huwekwa upande wa pili, kwenye rafu au darini. Lakini lenzi haiwezi kugusa ukuta wa nyuma: mwili wa projekta unachukua sentimita 30 hivi, na nyingine 20 zinahitajika kwa nyaya na hewa ya moto inayotoka. Umbali halisi kati ya lenzi na skrini unabaki takriban mita 3.15.

Hapo ndipo namba ya kwanza ya kuitafuta katika maelezo ya kifaa inapohusika, nayo ni uwiano wa umbali kwa upana wa picha. Projekta za kawaida zina uwiano ulio karibu na 1.5, maana yake ili kupata picha ya upana wa mita moja, lenzi ikae mita moja na nusu kutoka kwenye skrini. Gawanya 3.15 kwa 1.5: unapata picha yenye upana wa mita 2.1 na kimo cha mita 1.18. Kwa lugha ya maduka, hiyo ni skrini ya inchi 95 hivi, ikipimwa kutoka pembe hadi pembe.

Kwa hiyo tangazo la "hadi inchi 200" halina maana katika chumba hiki. Ukuta wenyewe hauna nafasi hiyo, na hata ungekuwa nayo, mwanga uleule ungetandazwa juu ya eneo kubwa zaidi na kufifia. Picha ikiongezwa upana mara mbili, eneo huongezeka mara nne, na ukali wa mwanga hushuka hadi robo.

Zipo pia projekta za umbali mfupi, zenye uwiano chini ya 1, na za umbali mfupi sana, ambazo huwekwa juu ya kabati chini kabisa ya skrini. Hizi za mwisho huokoa nafasi na huzuia kivuli cha anayepita, lakini ni ghali, na huonyesha kila kigongo cha ukuta kwa sababu mwanga wake hupanda kwa mlalo mkali. Kwa chumba cha futi 12, projekta ya kawaida inatosha.

Umbali wa kukaa nao una kanuni yake. Wataalamu wa sinema hupendekeza picha ichukue kati ya nyuzi 30 na 40 za upeo wa macho ya mtazamaji. Kwa hesabu nyepesi, zidisha upana wa picha kwa 1.4 kupata mahali pa karibu, na kwa 1.9 kupata mahali pa mbali. Kwa picha yetu ya mita 2.1, kiti kikae kati ya mita 2.9 na 4. Kochi likiegemezwa ukuta wa nyuma, macho yanakuwa mita 3.1 hivi kutoka kwenye skrini. Chumba na picha vinapatana.

Mwanga: namba inayodanganya kuliko zote

Nguvu ya mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni. Kipimo chenye kuaminika ni lumeni za ANSI, au kile cha kiwango cha kimataifa cha ISO 21118, ambavyo hupatikana kwa kupima mwanga katika sehemu tisa za picha na kuchukua wastani wake. Boksi likiandika "lumeni 9,000" bila kutaja ANSI wala ISO, namba hiyo haina dhamana ya kipimo chochote.

Kuna njia rahisi ya kuijaribu hata bila mashine. Tazama kibandiko cha umeme nyuma ya projekta au kwenye adapta yake, usome wati. Balbu nzuri ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi, yaani takriban lumeni 90 kwa kila wati. Projekta ndogo ya wati 60, hata kama wati zote zingeishia kwenye taa na mwanga wote ungetoka nje, isingefika lumeni 6,000. Na mwanga hautoki wote: kioo cha LCD ndani yake, vichujio vya rangi na lenzi humeza sehemu kubwa mno. Vifaa vya namna hiyo, vikipimwa kwa ANSI, mara nyingi hutoa mia mbili au mia tatu tu.

Je, chumba chetu kinahitaji kiasi gani? Kiwango kinachotumiwa na majumba ya sinema ni sawa na lumeni 150 kwa kila mita ya mraba ya skrini nyeupe ya kawaida, chumba kikiwa giza. Picha yetu ina eneo la mita za mraba 2.48, hivyo inahitaji lumeni 372. Chumba kikiwa na taa moja hafifu au pazia lisilozuia mwanga wote, hesabu lumeni 500 kwa mita ya mraba, ambazo zinatupa 1,240.

Hizo ni lumeni zinazofika kwenye skrini, si zile za kwenye karatasi. Mpangilio wa "sinema" unaotoa rangi zilizo sahihi hupunguza mwanga kwa theluthi hivi. Tena balbu ya projekta huzeeka: maisha yanayotajwa na watengenezaji kwa kawaida ni muda ambao mwanga umeshuka hadi nusu. Tukizingatia yote mawili, chumba cha giza kinahitaji projekta ya lumeni 1,100 za ANSI, na chumba chenye mwanga kiasi kinahitaji zaidi ya 3,500. Mnunuzi anayeweza kushona pazia zito kwa dirisha moja amejipunguzia mahitaji ya mwanga kwa zaidi ya theluthi mbili. Hakuna kitambaa kitakachomlipa vizuri kuliko hicho.

"Inapokea 4K" si sawa na "ni 4K"

Namba ya pili yenye mtego ni wingi wa pikseli, zile nukta zinazounda picha. Projekta yenye pikseli 1,920 kwa 1,080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Yenye 1,280 kwa 720 ina nukta laki tisa na ishirini elfu hivi. Nyingi za bei ya chini kabisa zina 854 kwa 480, yaani nukta laki nne na kidogo, ilhali boksi lake limeandikwa 4K kwa maandishi makubwa.

Ujanja umo katika neno moja. Kusema kwamba kifaa "kinapokea" au "kinakubali" 4K ni kusema kwamba kinaweza kuisoma filamu ya aina hiyo, kisha kikaishusha hadi nukta chache kilizo nazo. Linalopaswa kuulizwa ni nukta halisi za kifaa chenyewe. Kwa picha ya inchi 95 inayotazamwa kutoka mita 3, nukta 1,920 kwa 1,080 ndizo kiwango cha kuridhisha. Kwa 480, maandishi ya tafsiri chini ya filamu na namba za jezi huonekana zimechakaa. Anayetegemea kusoma tafsiri ya Kiswahili chini ya picha asishuke chini ya 720.

Usidanganywe pia na marekebisho ya pembe. Projekta ikiwekwa upande, picha huwa kama trapeza, na kifaa huinyoosha kwa kompyuta yake. Unyooshaji huo hutupa sehemu ya nukta na kupunguza ukali wa picha. Dawa yake ni kuiweka projekta sawasawa mbele ya skrini tangu mwanzo, katikati ya upana wake, na kuacha marekebisho kwa kosa dogo tu.

Taa, vumbi na umeme wa Kampala

Zipo njia tatu kuu za kuzalisha mwanga: balbu ya zebaki, LED na leza. Balbu ni ya zamani, ina mwanga mwingi kwa bei ndogo, lakini hudumu saa 3,000 hadi 5,000 tu. LED na leza hutajwa kudumu saa 20,000 au zaidi.

Namba hizo zipimwe kwa matumizi. Nyumbani, kwa saa tatu kila usiku, balbu ya saa 4,000 itadumu zaidi ya miaka mitatu na nusu. Katika kibanda kinachoonyesha saa 12 kwa siku, balbu hiyohiyo itakwisha kabla ya mwaka kutimia. Ndiyo sababu ushauri wa mwenye kibanda si lazima umfae mwenye nyumba, wala wa mwenye nyumba kumfaa mwenye kibanda. Kabla ya kununua projekta ya balbu, uliza kama balbu mpya ya modeli hiyo inapatikana mjini na kwa bei gani. Projekta isiyo na balbu ya akiba sokoni ni sawa na gari lisilo na vipuri.

Tofauti nyingine ni wakati umeme unapokatika ghafla. Balbu ya zebaki huwa na joto kali mno, na feni huendelea kuzunguka dakika kadhaa baada ya kuzimwa ili kuipoza. Umeme ukikatika, feni husimama, joto hunaswa ndani, na maisha ya balbu hufupishwa. Kwa chumba cha Kampala, betri ya UPS kwa ajili ya projekta ya balbu si anasa. Kwa kifaa cha wati 300, isipungue VA 650. Ya 1,000 ni salama zaidi. Kazi yake si kumaliza filamu, bali kukupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu.

LED na leza hazidhuriki kwa namna hiyo, lakini hazijasalimika na umeme unaorudi kwa kishindo wala na radi. Uganda hupata radi nyingi, na ukanda wa Ziwa Victoria unajulikana kwa dhoruba zake. Mvua ikianza kunguruma, chomoa plagi ukutani, pamoja na waya wa antena au dishi. Swichi pekee haitoshi.

Gharama ya uniti nayo ihesabiwe. Projekta ya balbu ya wati 300, kwa saa tatu kila siku, hula uniti 27 kwa mwezi. Ya LED ya wati 80 hula uniti 7 na kidogo. Kwa familia inayojitahidi kubaki ndani ya zile uniti 15 za kwanza za Yaka ambazo mteja wa nyumbani huuziwa kwa bei nafuu, tofauti hiyo itaonekana kila mwezi, si siku ya kununua tu.

Halafu kuna vumbi. Barabara za marramu na upepo wa kiangazi huingiza vumbi jekundu kila mahali. Projekta zenye paneli tatu za LCD, teknolojia inayohusishwa zaidi na kampuni ya Epson, huvuta hewa kupitia chujio linalopaswa kusafishwa mara kwa mara. Likiziba, kifaa hupata moto na kujizima. Projekta za DLP, zinazotumia vioo vidogo mno vilivyobuniwa na Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments mwaka 1987, mara nyingi zimefungwa vizuri zaidi dhidi ya vumbi. Lakini zile zenye chipu moja huwaonyesha baadhi ya watazamaji vimulimuli vya rangi kama upinde wa mvua wanapohamisha macho haraka. Wanaoviona huumwa kichwa. Wasioviona hawaelewi malalamiko yanatoka wapi. Kila mwanafamilia atazame dakika chache kabla ya fedha kutolewa.

Wasomaji wetu wa nyanda za juu wazingatie jambo moja zaidi. Projekta nyingi zina mpangilio wa "mwinuko" unaozungusha feni kwa kasi, uliokusudiwa sehemu zilizo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kampala, yenye mita 1,200 hivi, haiuhitaji, na kuuwasha huleta kelele bure. Kabale, iliyo juu ya mita 1,800, inauhitaji, kwa kuwa hewa nyepesi hupoza kwa taabu.

Skrini, ukuta au shuka?

Hapa ndipo fedha inaweza kuokolewa. Ukuta uliopigwa lipu laini na kupakwa rangi nyeupe isiyong'aa hufanya kazi nzuri ya kushangaza. Ung'avu ndio adui: rangi ya mafuta hurudisha mwanga kama kioo na kuacha doa kali katikati ya picha. Kabla ya kupaka, mulika ukuta kwa tochi kutoka pembeni. Kila kivuli kidogo utakachokiona ni kigongo kitakachoonekana kamera ya filamu inapopita taratibu juu ya anga au uwanja.

Shuka ni suluhisho la dharura tu. Mwanga hupenya na kupotea upande wa pili, na upepo wa feni huitikisa picha. Afadhali kitambaa kizito cha kuzuia mwanga, kile kinachoshonewa mapazia, kilichovutwa vizuri juu ya fremu ya mbao. Fundi seremala yeyote anaweza kuitengeneza fremu hiyo. Mfunge utepe mweusi usiong'aa kuzunguka pande zote, upana wa sentimita 6 hadi 8. Utepe huo humeza mwanga unaomwagika nje ya picha, na macho huiona picha kuwa na weusi zaidi.

Skrini za dukani hutofautiana kwa kiwango cha kurudisha mwanga. Kiwango cha 1.0 ni nyeupe ya kawaida, inayotawanya mwanga sawasawa kwa kila aliyeketi. Kiwango cha 1.3 au zaidi huelekeza mwanga mwingi kwa walio katikati na kuwapunguzia walio pembeni. Katika chumba kidogo chenye watu saba waliojipanga kutoka ukuta hadi ukuta, hilo ni hasara. Skrini ya kijivu, yenye 0.8, huongeza weusi lakini hudai projekta yenye mwanga zaidi. Zipo pia skrini maalumu zinazozuia mwanga wa dirisha na taa. Ni nzuri lakini ghali, na zile zilizotengenezwa kwa projekta ya chini ya skrini hazifai kabisa kwa projekta inayorusha kutoka nyuma au darini.

Kuta nyingine nazo ni sehemu ya skrini. Kuta nyeupe na dari nyeupe hurudisha mwanga wa picha na kuufifisha weusi wake. Anayeweza kuipaka dari na kuta za karibu na skrini rangi ya kahawia, bluu nzito au kijani kizito, ataona mabadiliko kuliko kwa kuongeza fedha kwenye projekta.

Sauti isisahaulike

Spika zilizomo ndani ya projekta huwa ndogo, tena huwa nyuma ya kichwa cha mtazamaji, ilhali midomo inacheza mbele. Kwa filamu zilizofasiriwa na VJ, ambako sauti ya mtu ndiyo nusu ya burudani, kasoro hiyo huudhi. Weka spika mbili chini au kando ya skrini, zimeunganishwa kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ya sekunde, kiasi cha kuona mpira umepigwa kabla ya kuusikia. Na chini ya paa la mabati, dari ya mbao au jipsamu pamoja na zulia sakafuni vitasaidia kuliko kuongeza sauti mvua inaponyesha.

Mtego wa programu na wa sheria

Baadhi ya projekta huja na programu za filamu ndani yake, lakini hazina idhini ya kampuni zenye filamu hizo. Matokeo yake, Netflix hugoma kufunguka au huonyesha picha hafifu, na simu ikiunganishwa hurusha sauti tu huku skrini ikibaki nyeusi. Njia ya uhakika ni kifaa chenye idhini, au king'amuzi, kilichounganishwa kwa waya wa HDMI. Dai kuyaona hayo yakifanya kazi dukani.

Mwisho, chumba cha nyumbani kina mpaka wake kisheria. Siku unapoweka benchi mlangoni na kuanza kupokea kiingilio, hata cha shilingi chache, umeacha kuwa mtazamaji. Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013 inamtaka anayeendesha jumba la sinema au maktaba ya video awe na leseni ya Tume ya Mawasiliano, UCC. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inalinda kazi za watunzi, na vifurushi vya nyumbani vya televisheni ya kulipia haviruhusu maonyesho ya hadharani. Kuwaalika ndugu na majirani ni ukarimu. Kuwatoza ni biashara.

Ukinunua iliyotumika

Projekta zilizotumika hupatikana kwa bei nzuri, na ya ofisi yenye lumeni 3,000 halisi inaweza kuishinda mpya yenye maandishi makubwa. Nenda nayo mahali penye giza na ufanye haya:

- Fungua menyu, usome saa za balbu. Jua pia kwamba namba hiyo inaweza kurudishwa sifuri, hivyo ilinganishe na mwanga unaouona.

- Onyesha picha nyeusi tupu. Nukta nyeupe nyingi kwenye projekta ya DLP ni dalili kwamba vioo vyake vinakufa, na kipuri hicho ni ghali.

- Onyesha picha nyeupe tupu. Doa la njano au la bluu kwenye projekta ya LCD ni dalili ya paneli au kichujio kilichoungua, na kufuta lenzi hakuondoi.

- Iache iwake nusu saa. Kifaa chenye feni mbovu au chujio lililoziba hujitambulisha kwa joto na kujizima.

- Soma maandishi madogo kwenye pembe zote nne za picha. Lenzi mbovu huwa kali katikati na yenye ukungu kandoni.

- Dai risiti yenye namba ya kifaa, na muda wa kurudisha ulioandikwa, si wa mdomo tu.

Kwa mwenye fedha zisizotosha kwa yote, mpangilio wenye busara ni huu: kwanza pazia zito, pili projekta yenye lumeni za ANSI zilizothibitishwa na nukta halisi zinazojulikana, tatu kinga ya umeme, nne spika. Skrini ya dukani inaweza kungoja mwaka mzima, maana ukuta mweupe uliopigwa lipu vizuri utaifanya kazi hiyo hadi hapo.